Allison, mwana wa Gilgil aliyefumbua siri ya selimundu ya Pwani

GANZE inapotajwa, wengi humkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mnamo 1913 na 1914. Wengine huikumbuka njaa, ambayo huandikwa magazetini kila mvua inapokosekana Bamba na Vitengeni. Ni wachache mno wanaojua kwamba watu wa sehemu hizo za ndani za Kilifi, pamoja na ndugu zao wa mwambao, wana nafasi yao pia katika historia ya sayansi ya urithi.

Aliyefungua ukurasa huo ni marehemu Dkt Anthony Clifford Allison, daktari na mtafiti aliyekulia Gilgil. Vitabu vya baiolojia duniani kote humtaja kila vinapofundisha jinsi maumbile yanavyoteua viumbe wa kuishi na wa kutoweka. Hapa nchini, alikolelewa na alikofanyia kazi iliyompa sifa, hatajwi sana. Hata hivyo, swali moja zito linalozikabili nyumba nyingi za Ganze haliwezi kueleweka barabara bila kazi yake.

Swali lenyewe ni hili. Mume na mke wana mtoto anayelazwa hospitalini kila mara kwa maumivu ya mifupa, homa na kuishiwa damu. Au walikuwa naye na wakamzika. Wamepimwa, wakaambiwa kwamba wote wawili wanabeba jeni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Sasa mke ni mjamzito tena. Je, mtoto aliye tumboni apimwe kabla hajazaliwa? Na akionekana kuwa na ugonjwa, wafanyeje?

Allison hakuwa daktari wa uzazi. Kazi yake ilitangulia swali hilo: alieleza kwa nini jeni hiyo imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wakati katika nyanda za juu ni adimu. Maelezo hayo ndiyo yanayobadilisha namna wazazi wanavyoweza kuitazama damu yao wenyewe.

Alizaliwa Agosti 21, 1925, mjini East London, Afrika Kusini. Familia yake ilikuwa na shamba Gilgil, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa unaotazama Ziwa Elmenteita, na huko ndiko alikokulia. Walikuwa walowezi, katika ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wameondolewa miongo michache tu kabla. Kijana huyo alipenda viumbe, hasa ndege, na hakuna mahali pazuri pa kuwatazama kuliko ziwa lililojaa heroe. Si mbali na hapo, Louis Leakey alikuwa akichimbua zana za mawe za watu wa kale, na kazi hiyo ya Leakey ilimtia Allison hamu ya kujua binadamu wametoka wapi.

Alisomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huko alimsoma Charles Darwin, na pia wanahisabati wa urithi akina Ronald Fisher, J.B.S. Haldane na Sewall Wright, waliokuwa wameonyesha kwa hesabu jinsi sifa inayomsaidia kiumbe kuishi inavyoenea kizazi hadi kizazi. Lililokosekana lilikuwa mfano wa wazi kutoka kwa binadamu. Wakati huo hakuna aliyeweza kuinyoshea kidole jeni fulani na kusema kwamba imeenea kwa sababu iliwaokoa waliokuwa nayo. Kutoka Johannesburg alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kusomea udaktari.

Mwaka 1949, wanafunzi wa Oxford waliandaa safari ya kisayansi ya Mlima Kenya. Wenzake walikuja kukusanya mimea na wadudu. Allison aliona afadhali akusanye damu za watu. Nia yake ya kwanza haikuhusu ugonjwa: alitaka kulinganisha makundi ya damu ya jamii mbalimbali za Kenya ili kujua nani ana udugu na nani. Miongoni mwa vipimo alivyofanya kulikuwa na kile cha selimundu, ambacho ni rahisi. Tone la damu hunyimwa oksijeni, kisha hutazamwa kwa darubini. Damu ya mwenye jeni hiyo huonyesha seli nyekundu zikipoteza umbo lake la duara na kujipinda mfano wa mundu wa kukatia nyasi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umejulikana kitabibu tangu 1910, James Herrick wa Chicago alipoieleza damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka huo huo wa safari ya Mlima Kenya, mambo makubwa mawili yalitangazwa kwingineko. James Neel nchini Marekani na E.A. Beet katika iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini walionyesha, kila mmoja kivyake, jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Naye Linus Pauling na wenzake wa California walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni.

Urithi wenyewe huenda hivi, na yafaa kuueleza taratibu kwa kuwa ndipo wengi wanapojikwaa. Kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida huwa mbebaji, na kwa kawaida huishi bila hata kujua. Aliyepokea mbili ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kuleta mbebaji, na moja kati ya nne ya kuleta mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Si kweli kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kuna nyumba zilizozaa wagonjwa watatu mfululizo, na nyumba nyingine ambazo wabebaji wawili wamepata watoto sita bila mgonjwa hata mmoja.

Sasa turudi kwa Allison na visanduku vyake vya damu. Alipopanga matokeo, aliona jambo ambalo hakulitafuta. Karibu na mwambao wa Bahari Hindi na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya 100. Hapakuwa na udugu wa lugha wala kabila uliolingana na mpangilio huo. Watu wa Pwani na watu wa Nyanza hawana asili moja, lakini damu zao zilifanana katika jambo hili.

Hapo palikuwa na kitendawili. Enzi hizo karibu watoto wote waliozaliwa na jeni mbili walikufa wangali wadogo. Kila aliyekufa aliondoka na jeni mbili za selimundu, kwa hiyo ilitarajiwa jeni hiyo ipungue kizazi baada ya kizazi mpaka iwe adimu. Kwa nini basi ilikuwa imejaa? Allison, aliyeijua nchi hii tangu utotoni, aliona kilichoziunganisha Pwani na Nyanza na kuzitenga na nyanda za juu: mbu. Alikisia kwamba mwenye jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria. Wasio na jeni hiyo walikuwa wakiuawa utotoni na malaria, wenye jeni mbili wakiuawa na selimundu, na waliobaki kuzaa kwa wingi ni wale wa katikati, walio na moja.

Ni wazo ambalo mtafiti mwingine angelikimbiza kwenye majarida mara moja. Allison alilinyamazia kwa miaka minne. Alirudi Oxford, akamaliza masomo ya udaktari, na ndipo mwaka 1953 aliporejea Afrika Mashariki kulijaribu.

Karibu na Kampala aliwapima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasiobeba, 113 walikuwa navyo, yaani asilimia 46. Alizunguka pia Kenya, Uganda na iliyokuwa Tanganyika, akakusanya damu za watu karibu 5,000 kutoka jamii zaidi ya 30, akachora ramani ya jeni na kuiweka juu ya ramani ya malaria. Zilipatana. Mahali penye malaria nyingi mwaka mzima, wabebaji walikuwa wengi; mahali pakavu au pa baridi, walikuwa wachache. Matokeo hayo yalichapishwa katika makala matatu mwaka 1954, Allison akiwa hajafikisha miaka 30.

Jaribio lake lililozungumzwa zaidi, hata hivyo, ni lile linalomwia vigumu hata mtu anayemstahi kulitetea. Aliwachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasiobeba, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya wabebaji 15, vimelea vilionekana kwa wawili tu. Kati ya wasiobeba 15, vilionekana kwa 14. Wote walitibiwa. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Lakini hiyo ilikuwa Kenya ya 1953, nchi iliyokuwa chini ya hali ya hatari, ambako Mwafrika hakuwa na uhuru mkubwa wa kumkatalia daktari wa Kizungu, na uzito wa neno kujitolea katika mazingira hayo ni jambo la kutiliwa shaka. Leo jaribio kama hilo lingepita mbele ya kamati za maadili kwa masharti makali, kama lingepita.

Wenzake hawakumkubali mara moja. Watafiti wa Marekani waliorudia jaribio la kuambukiza watu hawakupata tofauti aliyoipata yeye. Baadaye ilieleweka kwamba kinga ya mbebaji haizuii sana vimelea kuingia mwilini. Huzuia visizidi na kuua, na huonekana zaidi kwa watoto wadogo ambao miili yao haijazoea malaria. Seli iliyoingiwa na kimelea hujipinda upesi na kuondolewa na wengu kabla kimelea hakijazaana.

Ushahidi uliofunga mjadala ulitoka Kilifi, nusu karne baadaye. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza zilianzisha kituo chao katika hospitali ya Kilifi mwaka 1989, na tangu 2000 kituo hicho kimekuwa kikiandikisha vizazi na vifo katika eneo linalojumuisha sehemu za Ganze kama Sokoke na Jaribuni. Utafiti wa huko uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba mtoto mbebaji amekingwa kwa asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, asilimia 75 dhidi ya malaria ya kulazwa, na karibu asilimia 90 dhidi ya ile kali inayoua. Chanjo ya malaria yenye nguvu kama hiyo haijapatikana hadi leo. Kwa maneno mengine, wengi wa watu wazima wa Ganze wapo hai kwa sababu bibi au babu fulani alibeba jeni ile ile ambayo leo inaitwa balaa la nyumba.

Na balaa hilo hutwikwa mwanamke. Utafiti mwingine wa Kilifi, uliochapishwa 2011, ulizifuata familia zenye watoto wa selimundu na kukuta kwamba mama ndiye anayelaumiwa mara nyingi. Ukoo wa mume husema kwamba kwao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, basi ameuleta yeye. Ndoa huyumba, pengine huvunjika, na mzigo wa kumbeba mtoto hospitalini humwangukia mama peke yake. Elimu ya urithi inawaondolea kina mama lawama, maana mgonjwa hapatikani bila jeni ya baba. Hata hivyo, elimu hiyo hiyo ina makali yake: mtoto akiwa na jeni mbili na mume akapimwa akaonekana hana hata moja, kipimo kimetoa siri ambayo hakuna aliyeiuliza. Watafiti wa Kilifi walijadiliana kwa miaka na wanajamii kama inafaa kuwapasha wazazi habari za ubebaji, na kwa njia gani.

Haya si mambo ambayo wanasayansi wakubwa wa kizazi cha Allison waliyafikiria sana. Baada ya makala ya 1954, Allison alikwenda California kufanya kazi na Pauling, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka huo huo. Pauling alikuwa mtu mwenye huruma na mpinzani mkubwa wa silaha za nyuklia, lakini mwaka 1968 alipendekeza kwamba kila kijana anayebeba jeni ya selimundu achanjwe alama kwenye paji la uso, ili wabebaji wawili wakikutana wajue wasipendane. Kwa Pauling, jeni ilikuwa kasoro ya kufutwa. Pendekezo hilo likipelekwa mahali ambapo mbebaji ni mmoja kati ya kila watu wachache, ingebidi soko zima la Bamba lijae watu wenye chapa usoni. Na wote hao wangekuwa wenye afya.

Kutoka California Allison alirudi London, akafanya kazi katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Mill Hill na baadaye kituo cha utafiti cha Northwick Park, akigeukia virusi na kinga ya mwili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliitwa tena Kenya, safari hii kuongoza Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo iliyokuwa Kabete, Nairobi. Mwana wa Gilgil akawa anashughulikia ng'ombe.

Ilikuwa miaka hiyo hiyo, mwaka 1978, ambapo Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco walitangaza njia ya kujua kama mtoto aliye tumboni ana selimundu kwa kuchunguza vinasaba katika maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo ilibidi itafutwe damu ya mtoto mwenyewe, jambo la hatari. Kan na Dozy hawakuiona jeni yenyewe. Waliona alama iliyo jirani yake kwenye uzi wa vinasaba, alama ambayo kwa Wamarekani weusi wengi, wenye asili ya Afrika Magharibi, huandamana na selimundu. Walipoendelea na kuchunguza damu kutoka Kenya, walikuta kwamba hapa alama hiyo kwa kawaida haipo. Jeni ni ile ile, majirani ni wengine. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha aina hiyo duniani hakikuwafaa wengi wa watu ambao damu yao ndiyo iliyomfungua Allison macho. Ilibidi kungoja hadi 1982, zilipopatikana njia za kuiona jeni yenyewe moja kwa moja.

Tangu hapo, kwa upande wa maabara, jambo hili si gumu. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 ya mimba, daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma kwa sindano. Kuanzia wiki ya 15 anaweza kuchukua maji yanayomzunguka mtoto. Kipimo chenyewe kina hatari ya kuiharibu mimba, ingawa katika hospitali zenye uzoefu hutokea kwa chini ya mmoja kati ya 100.

Ugumu uko kwingine. Zahanati ya Ganze haina kipimo hicho, na anayekihitaji hana budi kusafiri mbali na kujilipia. Kina mama wengi mashambani huanza kliniki mimba ikiwa imeshavuka miezi minne, muda wa kipimo cha mapema ukiwa umepita. Na jibu likija, Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 26 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna dharura ya matibabu, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iwe inaruhusu. Ugonjwa wa mtoto aliye tumboni haukutajwa humo kama sababu peke yake.

Hivyo basi wazazi wanaofikiria kipimo wanalazimika kuanza na swali la mwisho: jibu likiwa baya, litabadilisha nini? Wapo ambao wangeitoa mimba kama wangeruhusiwa, kwa kuwa wameshamzika mtoto mmoja na hawana nguvu ya kumwona wa pili akilia usiku kucha kwa maumivu. Huko Kamerun, wazazi wa watoto wenye selimundu walipoulizwa, wengi sana walikikubali kipimo, lakini waliosema wangekatisha mimba walikuwa wachache kuliko hao. Wapo wanaotaka kujua ili wajiandae: wajifungulie hospitalini, wahamie karibu na Kilifi mjini, waweke akiba. Na wapo wanaoona kwamba kama watamzaa kwa vyovyote vile, hakuna haja ya kuihatarisha mimba kwa sindano ilhali kidonge cha damu kutoka kisigino cha mtoto kitatoa jibu lile lile siku chache baada ya kuzaliwa.

Hoja hii ya mwisho ina uzito wake hapa Kilifi. Kati ya 2006 na 2011, watafiti waliwapima watoto wachanga 15,737 katika eneo hilo. 128 walikuwa na selimundu, takriban wanane katika kila elfu. Kiwango cha vifo vyao utotoni kilikuwa zaidi ya mara 20 ya wenzao. Lakini wale ambao ugonjwa wao ulitambuliwa mapema wakaandikishwa kliniki walikufa kwa uchache zaidi. Dawa zenyewe si za ajabu: penisilini ya kila siku, chanjo ya nimonia, kinga ya malaria, na mama aliyefundishwa kuipapasa wengu na kuitambua homa ya hatari. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2019, yanampa mzazi jambo ambalo mzazi wa 1953 hakuwa nalo. Wakati huo kujua kulikuwa ni kungojea msiba tu.

Yapo pia mabadiliko ambayo Allison angeyafuatilia kwa makini. Malaria imepungua Kilifi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutokana na vyandarua na dawa bora pamoja na sababu nyingine. Mbu wanapopungua, faida ya mbebaji hupungua, lakini jeni haipotei kwa haraka hiyo. Itachukua vizazi vingi. Ganze itaendelea kulipa deni la malaria hata malaria yenyewe ikitoweka.

Allison hakukaa Kabete muda mrefu. Mapema miaka ya 1980 alihamia California tena, katika kampuni ya dawa ya Syntex. Huko yeye na mkewe, Dkt Elsie Eugui kutoka Argentina, walitengeneza dawa inayozuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa. Dawa hiyo, maikofenoleti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na wagonjwa wengi waliopandikizwa figo, Kenya wakiwamo, wanaimeza hadi leo bila kujua imetoka kwa nani. Mtu mwingine angetosheka na mojawapo ya kazi hizo mbili maishani.

Katika uzee wake alirudia mara kwa mara habari za safari ya 1949, na mwaka 2011 alionekana katika filamu ya kufundishia iliyosimulia jinsi alivyounganisha malaria na selimundu Afrika Mashariki. Alifariki Februari 20, 2014, huko Belmont, California, akiwa na miaka 88.

Mwaka huo huo, watoto wa Kilifi walianza kuandikishwa katika majaribio ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu iliyokuwa imetumika Marekani kwa miaka lakini ikiogopwa Afrika. Hofu ilikuwa kwamba ingepunguza kinga ya watoto na kuwaacha wazi mbele ya malaria. Pamoja na wenzao wa Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, watoto 606 waliimeza. Matokeo yalipotolewa, maumivu yalikuwa yamepungua, kuongezewa damu kumepungua na vifo vimepungua. Malaria nayo, badala ya kuongezeka, ilikuwa imepungua.